"Tiba ya" au "Tiba kwa"?

Miongoni mwa tafsiri tulizoletewa kwa ukaguzi imo makala moja ihusuyo maradhi ya mitokondria, yaani visehemu vidogo vya seli vinavyotumia oksijeni kuzalisha nishati ya mwili. Vikiwa na hitilafu, oksijeni isiyotumika huzidi katika viungo, hasa ubongo, ikadhuru. Makala yaeleza utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 na Isha Jain, Vamsi Mootha na wenzao: panya wenye hitilafu hiyo waliovuta hewa yenye oksijeni asilimia 11, badala ya 21 ya kawaida, waliishi muda mrefu zaidi, waliopewa asilimia 55 walikufa upesi.

Mfasiri aijua mada yake, na Kiswahili chake chasomeka. Lakini jina aliloipa tiba hiyo, "tiba ya upungufu wa oksijeni", hatuwezi kuliafiki.

Tulipolisoma mbele ya waalimu na wauguzi wa Handeni na Korogwe, wote walielewa kwamba mgonjwa amepungukiwa na oksijeni, basi aongezewe. Hawakukosea. Tiba ya malaria huondoa malaria, na tiba ya upungufu wa damu huondoa upungufu huo. Kweli twasema pia "tiba ya mionzi", na mionzi ni nyenzo. Lakini hakuna adhaniaye kuwa mionzi ni ugonjwa, hali "upungufu" umekwisha kuzoeleka kuwa jina la maradhi. Hivyo istilahi hii yamwambia msomaji kinyume cha makala yenyewe.

Wapo waliopendekeza "tiba ya hewa haba". Hapana, kinachopunguzwa ni oksijeni, si hewa. Wengine walitaka "tiba ya hewa ya mlimani". Hilo nalo lapotosha: hewa ya Lushoto ina asilimia ile ile ya oksijeni kama ya Korogwe, ila kanieneo yake ni ndogo. Tena asilimia 11 hulingana na kimo cha mita 4,500 hivi, na milima ya Usambara haifiki hata mita 2,500. Mzazi asije akampandisha mtoto mlimani kwa kufuata jina.

Tunapendekeza "tiba kwa oksijeni pungufu". Kihusishi "kwa" chaonyesha nyenzo, na "upungufu wa oksijeni" wabaki kuwa jina la hali ya ugonjwa tu.

Aidha, kila itumiwapo istilahi hii, mfasiri aeleze waziwazi kwamba jambo lenyewe lingali la uchunguzi, wala si tiba iliyothibitishwa kwa binadamu. Katika wodi zetu, mtoto mwenye homa kali ya mapafu aliyepungukiwa na oksijeni huokolewa kwa kuwekewa oksijeni. Kumnyima ni kumwua. Kati ya maana hizo mbili pana silabi moja tu, nasi ndio tuliokabidhiwa kuilinda.