Vifaranga wa Juni

Njombe mwezi Juni unaamka ukakuta sakitu imetandaa kwenye nyasi. Majirani wengi husitisha kuku wa nyama mpaka Septemba. Mama mwenye nyumba wangu ndiyo kwanza anaagiza boksi la vifaranga 100.

Siku wanapofika, jiko limeshawaka bandani tangu alfajiri. Kifaranga hupoa kuanzia miguuni, anasema, kwa hiyo maranda yenyewe lazima yawe na joto. Anayamwaga kwa wingi. Kwa mashine za mbao zilizojaa huku, ubahili wa nini? Bruda yake ni hadibodi iliyokunjwa duara, maana kwenye kona ndiko vifaranga hulaliana hadi wakafa.

Mkaa anauwashia nje. Moshi ukiisha na makaa yakaiva mekundu, anayatia kwenye chungu cha udongo, ndipo anaingia nayo. Mapazia ya viroba yanashuka pande zote, ila juu anaacha upenyo wa kiganja. Hapo ndipo mimi nilipoharibu mwaka wangu wa kwanza: niliziba kila tundu kwa kuogopa baridi, hewa ya mkaa ikawamaliza.

Kipimajoto anacho. Wiki ya kwanza kinatakiwa kisome nyuzi 32 hivi, kisha zipungue kama 3 kila wiki hadi manyoya yaote. Sijamwona akikitazama.

Juzi saa nane za usiku nilimfuata, blanketi mabegani. Nikashika komeo la mlango.

"Sikiliza kwanza, mwanangu."

Nikasikiliza. Kwangu zilikuwa kelele za vifaranga tu. Yeye akasema wanalia baridi, lakini si wote. Ndani tukakuta nusu ya duara tupu, wote wamesongamana upande wa pili. Akamwokota mmoja, akaugusisha mguu wake shavuni, akaminya taratibu kifuko cha chakula shingoni. Mguu ulikuwa na joto; kifuko kilikuwa laini, kimejaa: chakula wamekula, maji wamekunywa. Basi shida si jiko wala tumbo.

Akainama, akapitisha kiganja chini ya pazia, polepole, kama anayetafuta sindano. Upepo ulikuwa umegeuka, ukipenya pembeni mwa tofali moja. Akavua kilemba, akakisokota, akakisokomeza pale.

Mkaa hakuongeza. Tulichuchumaa tukingoja, mpaka mmoja akathubutu kuvuka kuelekea kwenye maji, kisha wawili, na duara likaanza kujaa.