Mioyo Mitano: Uhakiki wa Candy Crush Saga

Katika somo la fasihi tunafundishwa kwamba kila kazi ya sanaa ina fani na maudhui, na kwamba mhakiki asiyeonyesha jinsi moja inavyoibeba nyingine hajafanya kazi yake. Nimeamua kuipeleka kanuni hiyo mahali isipozoeleka, yaani kwenye mchezo wa simu. Wengi wamekwisha kuandika kwamba michezo hii hupoteza muda na kwamba vijana waiache. Hayo ni mahubiri. Ninachotaka kujua ni jinsi mchezo wenyewe ulivyosukwa, hata mtu mzima mwenye akili timamu akashindwa kuuweka chini.

Candy Crush Saga ulitolewa na kampuni ya King mwaka 2012, kwanza kwenye Facebook, kisha mwaka huohuo kwenye simu. Kuna ubao uliojaa peremende za rangi mbalimbali. Ukibadilishana nafasi za mbili zilizo jirani, na tatu za rangi moja zikakaa katika mstari, zinapasuka na nyingine zinaanguka kutoka juu kujaza pengo. Kila hatua ina lengo lake, na mara za kusogeza ni za kuhesabu. Zikiisha kabla hujalifikia lengo, unapoteza moyo mmoja. Mioyo ni mitano tu. Ikiisha yote huwezi kuendelea, na kila mmoja hurudi baada ya dakika 30. Wahusika wapo, msichana Tiffi na wenzake, lakini hawana tabia ya kuhakikiwa. Tuwaache.

Watu husema kinachonasa ni utamu: rangi, muziki, ile sauti nzito ya kukusifu kila peremende zinapopasuka kwa wingi. Mimi sikubaliani. Nadhani kinachonasa ni ile mioyo. Fikiria mtu anayetafuna muwa. Akipewa mzigo mzima atatafuna mpaka taya zimuume, kisha atautupa uliobaki na pengine asiutamani tena wiki nzima. Candy Crush haukubali ushibe. Unakunyang'anya muwa ungali na hamu, unakwambia subiri nusu saa, halafu arifa inalia kwenye simu kwamba moyo umerudi. Kwa hiyo kusubiri nako ni sehemu ya mchezo. Mtu anakuapia kwamba amecheza dakika kumi tu, na ni kweli, lakini zile saa mbili na nusu za kungoja mioyo mitano ijae alikuwa nazo darasani, kwenye teksi na kwenye foleni ya chakula. Asiyetaka kungoja anaweza kulipa, au kuwaomba marafiki wamtumie moyo, na hapo marafiki nao wanakumbushwa kwamba mchezo upo.

Jambo la pili ni namna mchezo unavyosimulia kushindwa. Peremende huanguka kwa bahati nasibu, hivyo mchezaji hodari anaweza kushindwa hatua moja mara ishirini na akashinda ya ishirini na moja bila kujifunza chochote. Tena mara nyingi hashindwi vibaya. Anabakiza kipande kimoja, na papo hapo anaulizwa kama anataka kununua mara tano zaidi za kusogeza. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada walichapisha utafiti kuhusu mchezo huuhuu, wakaonyesha kwamba kukaribia kushinda humkera mchezaji kuliko kushindwa kwa mbali, na bado humtia hamu kubwa zaidi ya kurudia. Wanaocheza kamari wanaijua hali hiyo bila kusoma utafiti.

La tatu ni msuko. Hadithi hupanda, hufika kilele, kisha husuluhishwa. Hapa kuna kupanda tu. Hatua ni maelfu, na kampuni huongeza mpya kila mara, kwa hiyo anayefika mwisho amefika tu mahali ambapo wajenzi wa barabara wamepumzika. Hii ndiyo kasoro kubwa ya kisanaa ninayoiona katika kazi hii, na ndiyo hiyo inayoiletea fedha. Fani imebeba maudhui vizuri mno!

Hapa Uganda tuna omweso, ndugu wa karibu wa bao la pwani: mashimo 32, kete 64, watu wawili wanaotazamana. Sitaki kuusifu kupita kiasi. Wako wazee wanaomaliza alasiri nzima chini ya mwembe huku kazi zikiwangoja, na wake zao wana maneno ya kusema kuhusu hilo. Lakini mwenzako katika omweso ana tumbo. Ataona njaa, ataitwa nyumbani, giza litaingia. Na akikushinda, kuna mtu wa kumlaumu na wa kutaniana naye. Katika Candy Crush aliye upande wa pili hachoki wala haitwi nyumbani.

Isidhaniwe kwamba haingewezekana kufanya vingine. Mwaka 2013 kijana wa Vietnam, Dong Nguyen, alitoa mchezo wa Flappy Bird, wa ndege anayepita kati ya mabomba. Ulipopata umaarufu iliripotiwa kwamba matangazo yalikuwa yakimwingizia dola 50,000 kwa siku. Februari 2014 aliuondoa. Alieleza kwamba aliutengeneza uchezwe dakika chache mtu akiwa amepumzika, lakini umegeuka kuwa kitu cha uraibu. Mwezi uliofuata, Machi 2014, King iliingiza hisa zake katika soko la New York, na mwaka 2016 ikanunuliwa na Activision Blizzard kwa dola bilioni 5.9. Mtunzi mmoja aliiona kazi yake ikiwatawala watu, akaizima. Hao wengine walipata bei nzuri.

Mwaka 2019 mwakilishi wa King aliulizwa mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Alisema kwamba wachezaji milioni 9.2, yaani asilimia 3.4, walikuwa wakicheza saa tatu au zaidi kwa siku, na 432,000 kati yao saa sita au zaidi. Asilimia hiyo ni ndogo, na kampuni ilitaka ionekane hivyo. Lakini watu 432,000 ni mji mzima, na saa sita ni siku nzima ya shule. Hata hivyo tusiwaite wote waraibu. Shirika la Afya Duniani, lililouingiza ugonjwa wa michezo ya kidijitali katika orodha yake inayotumika tangu 2022, halihesabu saa. Linaangalia kama mtu ameshindwa kujizuia, kama mchezo umetangulizwa mbele ya mambo mengine, na kama anaendelea ijapokuwa anaona madhara, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12.

Kwa kipimo hicho namfahamu mmoja, dada tunayekaa naye bwenini. Alishindwa mtihani mmoja, akajua sababu, akaufuta mchezo. Akaurudisha. Akaufuta tena, mara tatu kwa jumla. Tulimwambia hana msimamo, kama watu wanavyosema siku zote. Lakini alipotuonyesha simu tuliona shida ilipokuwa: kwa kuwa alikuwa ameuunganisha na Facebook, kila alipoupakua upya alikuta yuko palepale, hatua ya elfu moja na zaidi. Kufuta kulikuwa kama kufunga mlango na kuacha ufunguo kitasani. Mara ya nne alianza kwa kuikata akaunti yenyewe, ili akirudi aanzie hatua ya kwanza kama mgeni. Alilia kidogo alipofanya hivyo, kwa peremende zisizokuwepo, na hatukumcheka. Huu ni mwezi wa tatu hajarudi. Juzi nilimwona na mchezo mwingine, wa kuunganisha matunda. Nilipomuuliza alinijibu kwamba huu hajausajili popote, na kwamba kila bando linapoisha anaufuta.