ThinkPad X220: laptopu ya 2011 ilivyorudishwa kazini

Wanunuzi wengi wa laptopu ya mtumba huanza na sura: mikwaruzo ya kava, herufi zilizofutika kwenye kibodi, kona iliyopasuka. Hivyo vyote fundi huvibadilisha kwa bisibisi. Kinachoamua kama pesa imeenda kihalali ni kile kisichobadilishika kwa bei ya maana, yaani bodi kuu pamoja na kufuli zilizofungwa ndani yake. Niliponunua ThinkPad X220 iliyotumika, nilianza huko, na kila hatua iliyofuata ilikuwa na sababu ya kiufundi inayofaa kuelezwa.

X220 ilitoka 2011, miaka 6 baada ya IBM kuiuzia Lenovo biashara yake ya kompyuta binafsi, ThinkPad ikiwemo. Ina skrini ya inchi 12.5, prosesa ya Intel Core ya kizazi cha pili, na ile kibodi ya safu 7 ambayo ilifia hapo katika mfululizo wa X; X230 ya 2012 ilikuja na kibodi ya mtindo mwingine. Ilitengenezwa kwa ajili ya maofisi, na maofisi hununua kwa jumla na kuuza kwa jumla. Ndiyo maana mashine za aina hii huishia Kariakoo, au Nairobi ambako wauzaji huziita “ex-UK”. Faida kwa mnunuzi ni kwamba spea zinapatikana, na moja iliyokufa huweza kuhudumia nyingine.

Kabla ya kulipa, niliwasha mashine na kubonyeza F1 ili kuingia kwenye BIOS, programu ya msingi inayoiwasha mashine. Ikikuomba nenosiri ambalo muuzaji halijui, irudishe mezani. Nenosiri la msimamizi kwenye ThinkPad huhifadhiwa katika chipu ya bodi kuu, wala halishikiliwi hai na kile kibetri cha mviringo. Kwa hiyo ule ujanja wa kukichomoa kibetri na kukirudisha haufui dafu hapa; jibu rasmi la Lenovo ni kubadilisha bodi nzima. Baada ya hapo nilijaribu kila tundu la RAM peke yake, nikatazama skrini kama ina mistari, nikachomeka chaja nione kama umeme unaingia. Betri sikuihesabu kabisa. Betri ya umri huo ichukuliwe kuwa imekufa hadi ijithibitishe, na bei ijadiliwe kwa msingi huo.

Mashine iliwaka, lakini ilijikokota. Wengi husema prosesa imezeeka. Hesabu inasema vingine. Core i5-2520M ina viini viwili vya gigahezi 2.5, uwezo unaotosha kabisa kwa kazi za ofisi. Tatizo lilikuwa diski ya kuzunguka. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde. Kwa wastani husubiri nusu mzunguko, karibu milisekunde 4, ili data ipite chini ya kichwa cha kusomea. Ongeza milisekunde 10 hivi za kichwa chenyewe kusogea, unapata maombi kama 70 tu kwa sekunde. Mfumo endeshi ukiwaka huomba vipande vidogo maelfu kwa maelfu. Prosesa hapo ni mpishi hodari aliyekaa jikoni akimngoja aliyetumwa maji kisimani. Niliibadilisha diski hiyo kwa SSD, isiyo na kitu kinachozunguka. SSD ya kawaida ya SATA hujibu ombi moja kwa takriban milisekunde 0.1, na ndiyo sababu badiliko hili moja lilileta tofauti kubwa kuliko mengine yote kwa pamoja.

Kuna mtego mmoja: nafasi ya diski kwenye X220 ina unene wa milimita 7. Diski ya milimita 9.5, iliyozoeleka kwenye laptopu nyingi za wakati ule, haiingii. Pima kabla ya kununua.

RAM ilikuwa GB 4 katika kipande kimoja. Niliweka vipande viwili vya GB 4 badala ya kimoja cha GB 8, kwa sababu sehemu ya picha ya prosesa hii haina kumbukumbu yake yenyewe, inaazima RAM ya mfumo. Kipande kimoja cha DDR3-1333 hupitisha karibu GB 10.6 kwa sekunde. Viwili vikifanya kazi sambamba, uwezo huo huongezeka maradufu. Lenovo iliandika kuwa kikomo ni GB 8, ila prosesa yenyewe inapokea hadi GB 16.

Kisha joto. Prosesa hii imekadiriwa wati 35, na ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi ili isiungue. Niliondoa kibodi na sehemu ya kuwekea viganja, nikatoa feni, nikapuliza vumbi huku nimezishika pangaboi zake zisizunguke ovyo, nikafuta pesti ya joto iliyokauka kwa spiriti na kupaka mpya. Kadi ya Wi-Fi niliiacha kama ilivyo. BIOS ya X220 ina orodha ya kadi inazozikubali. Ukiweka ngeni, mashine hugoma kuwaka na kuonyesha kosa 1802.

Kwa upande wa programu, njia ilikuwa moja. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai moduli ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi. X220 ina TPM 1.2. Nikaweka Linux Mint ya Xfce, nayo ikatambua vifaa vyote bila mimi kutafuta viendeshi.

Mipaka ipo. Sehemu yake ya picha inafungua video za H.264 kwa maunzi, lakini si VP9 wala AV1, mifumo ambayo YouTube huitumia sana. Prosesa hulazimika kubeba mzigo huo, na feni husikika. Kiendelezi cha kivinjari kinachoilazimisha YouTube itoe H.264 hupunguza tatizo. Kuhariri video, usijaribu.

Kwa kuandika, hesabu za biashara, barua pepe na mwanafunzi anayejifunza kuprogramu, mashine hii inafaa bila wasiwasi. Ukiwa na pesa kidogo, anza na SSD, fuata RAM, kisha pesti. Betri iwe ya mwisho. Lakini jumlisha kila kitu kabla hujafungua pochi. Ikiwa bei ya mashine pamoja na spea inakaribia ile ya laptopu iliyotumika yenye prosesa ya kizazi cha nane, chukua hiyo ya kizazi cha nane.