Nyuso za Thomas Paine

Wako watu wanaokusanya stempu za posta, na wako wanaoweka sanamu takatifu katika kitabu cha sala. Wako pia, hasa Marekani na Uingereza, wanaokusanya picha za kale za mtu mmoja tu, Thomas Paine. Mtu huyo alizaliwa Thetford, Uingereza, mwaka 1737. Mwaka 1776, huko Philadelphia, alitoa kitabu kidogo, Common Sense, akiwahimiza Wamarekani waache kumtii mfalme wa Uingereza. Richard Gimbel, aliyefariki mwaka 1970, alikusanya maandiko na picha zake nyingi, nazo zimetunzwa katika mji uleule wa Philadelphia.

Kazi hiyo ni njema. Lakini wengi wanaifanya kwa kutafuta uso mzuri tu, na hapo wanapotea.

Chukueni picha inayojulikana kuliko zote, ile ya rangi iliyoko London, iliyofanywa na Auguste Millière karibu na mwaka 1876. Paine alikuwa amekufa tangu 1809! Millière hakumwona hata siku moja. Aliiga picha ya chapa ya William Sharp ya mwaka 1793, na Sharp naye aliiga picha ya rangi ya George Romney ya mwaka 1792. Ile ya Romney imepotea. Basi uso tunaousifu ni nakala ya nakala. Kwangu mimi, karatasi ya Sharp, isiyo na rangi, yapita mbali turubai ya Millière.

Tena ina ushuhuda. Tarehe 18 Desemba 1792 mahakama ya London ilimhukumu Paine, naye hayupo, kwa ajili ya kitabu chake Rights of Man. Majira yale ya baridi, katika miji mingi ya Uingereza, watu walichoma midoli yake hadharani. Wakati huohuo Sharp alikuwa anachonga uso wake mstari kwa mstari katika bamba la shaba, uso wa mtu mtulivu mwenye macho maangavu. Nani atasema hiyo ni picha tu?

Lakini utajuaje hayo kama ukingo umekatwa? Chini ya picha za namna hii huandikwa majina na tarehe, mara nyingi kwa maneno ya Kilatini: pinxit, yaani alipaka rangi, na sculpsit, yaani alichonga. Zamani wengi walizikata picha ili zienee katika daftari. Walibaki na pua na macho, wakatupa ushahidi.

Wengine hawataki picha za dhihaka. Ni hasara kubwa. Tarehe 2 Januari 1793 James Gillray alitoa picha ya Paine akimkaza kamba za kiuno bibi Britannia, ndiyo Uingereza yenyewe, huku amemkanyaga kwa nyuma. Bibi maskini ameng'ang'ania mti. Maana yake ilieleweka upesi, kwani Paine alikuwa amejifunza kwa baba yake kushona nguo za kubana viuno vya wanawake. Picha hiyo haimtendei haki, lakini yaonyesha wakubwa walivyomwogopa. Sura ya kupendeza haiwezi kukuambia hilo.

Msomaji Mkatoliki atauliza, kwa nini tumtazame mtu aliyeshambulia Biblia na Kanisa katika The Age of Reason, mwaka 1794? Ni kweli aliyashambulia, wala hatusifu hayo. Lakini mtu huyohuyo, mwezi wa Januari 1793, alisimama katika bunge la Paris akaomba mfalme Louis wa 16 asiuawe. Mwisho wa mwaka huo akatiwa gerezani, akakaa miezi kumi na zaidi. Mwenye kukusanya picha za rafiki zake tu, au za adui zake tu, hatapata mtu mwenye mambo hayo yote mawili.

Ningepewa kuchagua moja, ningechukua ile ya John Wesley Jarvis, iliyoko Washington. Jarvis alikaa nyumba moja na Paine huko New York, akamchora karibu na mwaka 1806 au 1807, mzee aliyekwisha kuachwa na rafiki wengi. Na Paine alipokufa, tarehe 8 Juni 1809, Jarvis huyo ndiye aliyeutia plasta uso wake, akapata sura yake kwa mara ya mwisho.