Tope la Ikowa na hesabu ya udongo

Bwawa la Ikowa, mashariki ya mji wa Dodoma, lilijengwa mwaka 1957. Mvua za eneo la takriban kilomita za mraba 640 huteremkia humo, na kila msimu maji huingia yakiwa mekundu kwa udongo.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, wanajiografia wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala, akiwemo Anders Rapp, walilichunguza bwawa hilo pamoja na mabwawa ya Matumbulu, Msalatu na Imagi. Walipima kina cha wakati huo, wakakilinganisha na kile cha siku ya ujenzi. Tofauti ikawa ujazo wa tope. Ujazo huo waliugeuza kuwa uzito wa udongo mkavu, wakaugawa kwa miaka na kwa ukubwa wa eneo linaloleta maji. Kwa kuwa maji ya ziada hutoka na udongo wake, jibu lilikuwa kiwango cha chini kabisa cha hasara.

Bwawa husema kiasi gani kimepotea, halisemi kimetoka wapi. Kwa hilo walipanda mlimani, wakapima mizizi ya miti iliyoachwa wazi: ukijua umri wa mti na urefu wa mzizi ulio juu ya ardhi, unajua udongo umeshuka kiasi gani. Hapo makorongo, ambayo kila mgeni huyapiga picha, yakaonekana si mkosaji mkuu. Udongo mwingi ulichukuliwa na matone ya mvua na maji yanayotambaa juu ya mashamba na malisho yaliyobaki wazi.

Ugunduzi huo unarudisha swali kwa watu wanaolima na kufuga kwenye ardhi hiyo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973, uliondoa mifugo yote katika milima ya Kondoa mwaka 1979. Uoto ulirudi, lakini Warangi, wenyeji wa huko, walibaki bila ng'ombe, maziwa wala samadi shambani. Gharama hiyo haipimwi kwa kamba ya kupimia kina; ndiyo maana baadaye mwanaanthropolojia Wilhelm Östberg na mwanajiografia Idris Kikula walikwenda kusoma milima hiyohiyo kupitia maisha ya wenyeji.

Dodoma ya leo inakua haraka na ina kiu. Kila bwawa jipya lipimwe kina tangu siku ya kwanza, na mfugaji wa mlimani aulizwe kabla tope halijafika.