Chandarua si Wavu

Kuna kisa ambacho mashabiki wa mpira wa kikapu hupenda kusimuliana, na mwisho wake uko kwetu Kigoma. Msimu wa 2012–13 Stephen Curry aliahidi kutoa vyandarua vitatu kwa kila mtupo wa pointi tatu atakaoingiza. Akaingiza 272, rekodi mpya ya NBA wakati huo. Piga hesabu: vyandarua 816. Mwaka huohuo wa 2013 akaja mwenyewe kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, kushiriki ugawaji.

Mimi nakisoma kama ngano, na ngano hii mtunzi wake anajulikana. Mwaka 2006 Rick Reilly, mwandishi wa safu katika Sports Illustrated, aliwaomba wasomaji wake dola 10 kila mmoja za kununulia chandarua. Ikazaliwa kampeni ya Nothing But Nets, chini ya United Nations Foundation, na mashabiki wakachanga kwa intaneti. Jina lenyewe ni mchezo wa maneno: mpira ukipita kikapuni bila kugusa chuma, Mmarekani husema umegusa net tu, na net ndiyo hiyohiyo ya kuzuia mbu. Safi, kama mtupo wenyewe.

Sasa jaribu kulitafsiri. Wavu wa goli, wavu wa dagaa kule Ziwa Tanganyika, chandarua cha kitandani: Kiswahili kimevitenga. Mtaani tunasema "neti", ndiyo, lakini anayesema hivyo anawaza misumari minne na kamba, hawazi kikapu. Na Mkongo wa Fizi au Uvira, anayechanganya na Kifaransa chake, atakwambia moustiquaire. Utani uliochangisha mamilioni ya dola haumfikii anayelala chini yake.

Hapo ndipo ngano inaponikwaza. Vitenzi vyote ni vya mtoaji: anarusha, anaingiza, anahesabu, anasafiri. Mkimbizi kapewa kitenzi kimoja tu, kupokea. Hata ile 816 inapendeza kwa sababu hesabu imeanzia uwanjani. Ianzishe kambini uone: kipimo cha WHO ni chandarua kimoja kwa watu wawili, kwa hiyo vinatosha watu 1,632. Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996, ilikuwa na zaidi ya watu 60,000.

Jamani, sisemi asingetoa. Sisi wapenda vitabu tuna kaugonjwa ka kucheka kila anayetenda, halafu sisi wenyewe hatujanunulia mtu hata kipande cha kamba. Chandarua chenye dawa kinamkinga mtoto na malaria, na mtoto hana habari na utani wa Reilly. Tena shabiki wa Oakland angelijuaje jina la Nyarugusu?

Ila chandarua huchakaa, miaka mitatu hivi. Msimu wa 2015–16 Curry aliingiza 402, dunia ikapagawa. Mwaka 2015 Warundi walikuwa wakimiminika Nyarugusu, hadi Nduta kule Kibondo ikafunguliwa upya kupunguza msongamano. Wengi waliingia kwenye mahema, na hema halina ukuta wa kupigilia msumari. Kamba nne zilifungwa wapi? Nani alilala katikati, nani pembeni ambako mkono hugusa kitambaa na mbu akauma palepale? Sura hiyo bado naisubiri, iandikwe na aliyelala humo.