Psyche na Mabawa Asiyokuwa Nayo

Psyche wa Apuleius huhakikiwa mara nyingi kama roho yenye mabawa ya kipepeo. Chanzo ni Kiyunani, ambamo neno psyche ni roho, na Aristotle alimwita kipepeo kwa neno lilo hilo. Lakini Apuleius aliandika kwa Kilatini, katika karne ya 2 B.K., na Kilatini hutenganisha anima na papilio. Katika hadithi yake, Cupid arukapo kwenda zake, Psyche humng'ang'ania mguu, huchoka, huanguka. Mwenye mabawa asingeanguka hivyo! Hata apewapo uzima wa milele, mabawa hayatajwi. Hayo ni kazi ya wachongaji wa Kiyunani na Kirumi. Mfasiri wa Kiswahili, ambaye pepo, upepo na kipepeo humjia pamoja ulimini, na ajihadhari asimpe Psyche alichonyimwa na mwandishi.